Gari la Kuruka Halifiki Zombe

Zombe, Jumapili

Dadangu Kanyiva,

Kitui nzima hakuna rubani hodari kama mimi, ila kazi yangu huanza ndege ikishatua. Usicheke! Nakuandikia barua kwa sababu ukipiga simu, Mama husimama hapo akisikiliza.

Juzi rubani mmoja, Salim, alitua kwa kile kiwanja chetu cha vumbi, akauliza teksi ziko wapi. Teksi, Zombe! Nikampakia kwa pikipiki hadi sokoni. Njiani akaniambia anataka kununua gari la kuruka, akitua aendelee tu na barabara.

"Bosi," nikamwambia, "na hii miiba, hayo mabawa utayapitisha wapi? Ukifika mtoni kwenye mchanga, nani atakusukuma?"

Alicheka hadi akanishika kiuno. Akasema huja kila mwezi, kwa hiyo sasa akija nitamngoja kiwanjani. Nimepata kazi, Kanyiva!

Kitu kimoja tu kiliharibika. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeanika ndengu za mbegu pembeni mwa kiwanja, kama kawaida yetu. Ndege ilipogeuka kuondoka, upepo wake ukazimwaga zote vichakani. Mvua inakaribia, dada, na lile gunia ambalo Mama amelificha chini ya kitanda akidhani lina mbegu, nililijaza mchanga.

Mdogo wako,
Mwau