Wachawi Wasiojua Shikamoo

Editha. Editha shika simu, nimekwisha.

Unakumbuka kile kitabu cha wachawi wadogo tulichokuwa tunagombania bwenini Kilosa? Wamekitengenezea filamu. Nikasema leo Jumapili, Mikumi joto, acha niitazame kwa raha zangu. Hongera kwangu.

Yule mchawi kwenye kitabu ni mtoto wa darasa la sita. Kwenye filamu ana NDEVU. Ukimwona utadhani ana wake wawili na shamba la mpunga Tindiga. Na lile joka lililokuwa linatunyima usingizi limepita mara moja tu, kama linawahi basi la Morogoro. Muda uliobaki wanatazamana machoni.

Sasa sikia. Mlangoni, "Hodi." Nikajua ni mdogo wangu Happyness. Sikugeuka. Nikasema, "Pita ukae, usinizibe."

Usinizibe, Editha. Nimesema usinizibe!

Akakaa nyuma yangu. Kwenye filamu mwalimu mkuu wao, bibi mzee kabisa, akaingia darasani na hakuna mtoto aliyenyanyuka. Nikapaza sauti: "Mtu mzima anaingia, hata shikamoo hapewi! Hawa wamelelewa na nani?"

Nyuma yangu sauti ikajibu, taratibu:

"Marahaba, mwanangu."

Nikageuka. Mama yake Samwel. Mama wa mchumba wangu, katoka Mamboya na kuku wa zawadi mkononi, kaja kunitazama kabla hawajaleta posa.

Chai amekunywa. Ameshukuru, ameaga vizuri.

Kuku ameondoka naye.