Sikio la Mwalimu Evodius: Kikao cha Kamati ya Kwaya, Kigango cha Nandagala

TAREHE: Jumapili, 18 Julai 2004, baada ya misa
MAHALI: Darasa la katekesi

WALIOHUDHURIA: Mzee Saturnini (Mwenyekiti), Mwl. Evodius (Mwalimu wa kwaya), Bi Makrina (Msaidizi wake), Ndg. Davis, Bi Lusiana (Katibu)
MWALIKWA: Bi Felomena, mke wa Mwalimu
UDHURU: Ndg. Ivan, msibani Mkotokuyana

KUMB. NA. 1/2004: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala fupi, akaomba wajumbe nao wawe wafupi.

KUMB. NA. 2/2004: OMBI LA MWALIMU
Mwalimu alieleza kwamba, kama wajumbe wajuavyo, lile lori la korosho lilipopinduka alipoteza sikio la kulia. Mwezi Januari madaktari wageni walichukua gegedu, ile sehemu laini ya ubavu wake, wakaichonga umbo la sikio na kuizika chini ya ngozi ya kichwa. Sasa wanarudi Agosti kuliinua, maana bado limelala. Siku hizo hizo kuna tamasha la kwaya Nachingwea. Aliomba kamati ikubali aahirishe upasuaji ili aongoze kwaya.

Bi Makrina aliuliza madaktari watarudi lini tena. Mwalimu alijibu haijulikani.

KUMB. NA. 3/2004: MAJADILIANO
Bi Makrina alisema yupo tayari kuongoza. Mwalimu alisema hana wasiwasi naye, ila nyimbo ni ngumu. Kamati ilikumbushwa kwamba Mwalimu aliwahi kusema Bi Makrina anaongoza kama anayekimbia mvua. Mwalimu alisema hakumbuki. Wajumbe walikumbuka.

Bi Felomena aliomba kusema. Alisema: "Hapa anajifanya hajali kukosa sikio. Siku ya ubatizo wa mtoto wetu, wakati wa picha alijificha nyuma ya mlango. Mimi sina picha ya mtoto na baba yake."

Mwalimu alimwomba Katibu asiandike hilo. Katibu ameandika.

Bi Makrina alisema: "Mwalimu, nenda. Tukishindwa, utatufokea ukirudi."

AZIMIO: Mwalimu aende hospitali. Bi Makrina ataongoza. Mwalimu alisema sawa, kwa sauti ndogo.

KUMB. NA. 4/2004: MENGINEYO
Ndg. Davis aliuliza kama inawezekana kuliona hilo sikio. Mwenyekiti alimkanya. Mwalimu alisema mwacheni, akavua kofia, jambo ambalo hajalifanya mbele yetu tangu ajali.

Bi Makrina alisogea, akaomba kugusa. Aliruhusiwa. Aliweka vidole, akabonyeza kidogo, kisha akasema:

"Lina joto."

KUMB. NA. 5/2004: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa kumi jioni. Sala ilichelewa kidogo, kwa kuwa aliyepangiwa kusali, Bi Felomena, alikuwa bado anafuta machozi.

........................ Saturnini, Mwenyekiti
........................ Lusiana, Katibu