Sipro kwa Mara ya Nne

Jumanne, 7 Mei

Imerudi. Mkojo wa moto, tone moja moja, na nikitoka tu nahisi bado nimebanwa. Mara ya tatu tangu mwaka uanze. Mume wangu kaniambia kama nimehamia chooni niseme mapema aniletee godoro. Nilicheka. Nikaumia.

Kazini nimechukua vidonge vya sipro, dawa yetu ya kuua wadudu, rafuni kama kawaida. Si mimi mtoa dawa? Miaka kumi na tisa kwenye dirisha la dawa la kituo chetu cha afya. Wananiita Mama Dozi kwa sababu hakuna anayeondoka na pakiti bila kuambiwa amalize dozi. Mimi mwenyewe, mara mbili zilizopita, niliacha siku ya tatu nilipopata nafuu. Hilo nalisema hapa tu.

Alhamisi, 9 Mei

Sipro siku ya tatu. Nafuu hata chembe.

Nimemfuata Darubini, mtu wetu wa maabara – jina la utani, habanduki kwenye hicho chombo. Anataka mkojo auoteshe, aone ni wadudu gani na dawa gani inawaweza. Nimempelekea kwenye chupa niliyoisuuza mwenyewe kwa klorini. Usafi kwanza!

Jumamosi, 11 Mei

Hakikuota kitu. Nikajitapa: unaona, mimi si mgonjwa! Darubini akainusa ile chupa, akanitazama kwa huruma.

"Mama Dozi, umewaua kabla sijawaona."

Aibu niliyopata! Kanipa kikopo chake kisafi na kunifundisha kama mtoto wa darasa la kwanza: wa mwanzo mwaga, wa katikati kinga. Nimekinga.

Jumatatu, 13 Mei

Nimewaona kwa macho yangu. Kisahani cha duara, wadudu wametanda kama ukungu, na juu yao vipande vidogo vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Dawa ikiwaweza, wanakaa mbali nayo na kuacha duara safi. Kwenye sipro hakuna duara. Wameota mpaka ukingoni, wamestarehe kama wapangaji waliolipa mwaka mzima.

Darubini kasema siko peke yangu. Kati ya visahani ishirini vya mwisho alivyootesha, kumi na tatu viko hivyo. Alimwambia Daktari. Akaambiwa aweke kwenye faili.

Daktari kaniandikia kapsuli za njano, zilizokuwa na duara safi. Mkojo umekuwa rangi ya chai kavu, ndiyo kawaida ya hizo kapsuli. Poa tu.

Jumatano, 15 Mei

Nimekojoa bila kukunja uso! Na dozi hii nitaimaliza, nisije nikaitwa jina la bure.

Hasira ndiyo haijapoa. Mchana nimepekua rejista. Fundi cherehani wa jirani, yule aliyenishonea koti la kazi: sipro Februari, sipro Machi, sipro Aprili. Saini yangu mara tatu. Na kila aliporudi nilimhubiria kuhusu kumaliza dozi, nikidhani mzembe ni yeye. Kumbe alikuwa anamaliza. Mzembe alikuwa dirishani.

Nikaenda kwa Daktari. Nimeomba tuoteshe mkojo wa wale wanaorudi tu, si wa kila mtu. Hakunifokea. Amechoka yule mtu, macho yamemwingia ndani. Kasema ana watu themanini kwenye benchi, majibu yanachukua siku mbili, na mgonjwa asipotoka na vidonge anaona hakutibiwa. Kisha akamalizia kwamba kazi yangu ni kusoma cheti na kutoa dawa.

Sawa. Kusoma najua.

Alhamisi, 16 Mei

Saa tano asubuhi. Niko stoo ya dawa, nyuma ya dirisha langu, mlango nimefunga kwa ndani. Nikiandika natulia kidogo.

Fundi cherehani kaja. Homa kali, ubavu mmoja haugusiki; wadudu wamepanda hadi figo. Cheti chake: sipro, siku saba. Mara ya nne! Nimemwambia, mdogo wangu, hii sikupi. Akashika ukingo wa dirisha.

"Dada, kwani nimekosa nini?"

Yeye ndiye anauliza amekosa nini!

Nikampa kikopo, nikamweleza wa kumwaga na wa kukinga, na arudishe kwangu, maana maabara hawapokei bila fomu. Nyuma ya cheti nikaandika kwa herufi kubwa: KAPEWA MARA TATU. HOMA. UBAVU. CHUKUA MKOJO, KISHA SINDANO LEO LEO. Muuguzi akampelekea Daktari. Nikafunga mlango. Ufunguo uko mfukoni.

Daktari amekuja. Hagongi kwa nguvu.

"Mama Dozi, fungua. Unajua naweza kukuondoa hapa."

Nimemjibu kwamba najua. "Niondoe. Lakini sipro hatoki nayo."

Halafu kalamu inakwaruza, ameegemeza karatasi mlangoni. Imepenyezwa chini. Imekunjwa mara mbili. Ya kunisimamisha kazi, au cheti kipya? Viatu vyake bado naviona kwenye upenyo, haondoki. Naogopa, nisijidanganye. Miaka kumi na tisa.

Sijainama kuiokota.

Fundi karudi dirishani, kajishika ubavu, ananyoosha kikopo. Nimekipokea, kina joto bado. Nimemwita Darubini mpaka korido nzima imesikia. Huyo anakuja, glavu mkononi. Anauliza kama hiki nacho nimekisuuza kwa klorini. Mjinga yule! Nimekiweka kiganjani mwake.

Kimeenda.

Sasa nainama.