Wimbo wa Bibi wa Kutwangia

Chuo cha Ualimu, Mwanza

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Kifua kimeacha kukusumbua? Na nguruwe mwitu wa huko kijijini kwetu Ulaya, Kilosa, wametubakizia mahindi mwaka huu? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila ugali wa muhogo bado haujanizoea.

Mama, huku nimeona maajabu. Tunafundishwa kuandika sauti. Si maneno ya wimbo, sauti yenyewe! Unachora mistari mitano, unapanga nota. Nota ikiwa duara tupu, unaishikilia mapigo manne. Ukiitia mkia, mawili. Ukiijaza wino, linabaki pigo moja. Nilipoelewa nilicheka peke yangu darasani kama mwehu.

Basi nikauandika wimbo wa marehemu Bibi wa kutwangia, kabla haujapotea. Tangu kijiji kipate mashine ya kusaga, nani tena anashika mchi? Nikampa mwenzangu wa Bukoba aupige kwa kinanda. Akaupiga mbio mbio, bila kupumua.

"Wee! Hapo michi ingegongana kinuni!" nikamwambia.

Mwalimu akauliza, "Michi inapotua, mwimbaji anafanya nini?"

"Ananyamaza."

"Umeandika wapi kunyamaza kwake?"

Sikuwa nimeandika popote. Nilidhani pasipo na sauti hapana cha kuandika. Kumbe kimya nacho kina alama zake, na kila alama ina urefu wake! Pale Bibi alipokatisha wimbo, ukatua mchi wako, kisha wangu, ni kimya cha mapigo mawili kamili. Miaka yote ile ulinigombeza kwa kuwahisha mchi, na mimi sikujua kwamba Bibi alikuwa akihesabu.

Nikaweka alama. Yule binti wa Bukoba, ambaye hajawahi kukanyaga Kilosa, akanyamaza pale pale alipokuwa akinyamaza Bibi. Nikaisikia michi yetu, Mama. Nililia mbele za watu.

Jambo moja linaninyima raha. Ubeti wa mwisho siukumbuki, na duniani umebaki nao wewe peke yako. Nikija likizo, tusipeleke mahindi mashineni. Toa kinu.

Nisalimie Baba, na shangazi wa Zombo, na kaka yetu wa reli, mwambie aandike, uvivu si ugonjwa.

Karatasi ya wimbo nimeiweka humu. Ile mistari ya chini iliyo mitupu usidhani ni kimya. Kimya ningekitia alama. Hapo ni pako.

Mwanao,
Zaituni