Vifuko milioni mia tatu

Shoga, uko wapi? Shika simu basi! Nimejifungia chooni hapa hospitali, nalia kama mtoto.

Nimemuua baba. Mimi. Kwa mdomo wangu huu.

Daktari katuonyesha picha ya mapafu yake. Anasema vile vifuko vidogo vya hewa, vinavyopitisha hewa kwenda kwenye damu, kuta zake zimekakamaa kwa vumbi la mbao. Havitanuki tena. Na hakuna dawa ya kuvirudisha vilivyokuwa.

Akamuuliza, "Mzee, miaka yote hiyo ya useremala hukuwahi kuvaa barakoa?"

Unajua baba kajibu nini? Tena kwa maringo! "Ya nini? Binti yangu ni mwalimu wa sayansi. Aliniambia mtu ana vifuko milioni mia tatu. Vikifa viwili vitatu, haviishi."

NILIMWAMBIA MIMI! Mwaka ule naanza kazi, nasahihisha madaftari karakanani kwake, yeye anapiga msasa huku anakohoa. Akaniuliza kama vumbi lina madhara. Nikamjibu hivyo bila hata kuinua kichwa. Bila hata kuinua kichwa, shoga!

Daktari akanitazama. Sikuwa na pa kuuficha uso.

Tulipotoka nikamwomba baba msamaha. Akacheka, pumzi ikamwishia, akashika ukuta. "Usilie, mwalimu wangu. Vimebaki vingi."

Kutoka mlango wa daktari hadi kwenye benchi ni hatua kumi. Kapumzika mara tatu.