Daftari la Mbegu na Programu Tano

Mtani wangu Shabani,

Jana nilikusalimia kaburini pamoja na wengine. Leo nakuandikia peke yangu, maana niliyonayo moyoni hayasemeki mbele ya watu wanaokusomea Yasini. Umeniudhi, bwana. Umeniudhi sana.

Siku chache baada ya arobaini yako, binti yako Mwanahawa alikuja hapa Kibiti. Alifungua pindo la khanga akatoa flashi uliyoizungushia nailoni tatu, kama ulivyokuwa ukifunga chumvi ukivuka kwa mtumbwi kutoka Mbwera. Akasema, "Baba alisema mwalimu atamalizia. Kompyuta yake nayo imekufa, haiwaki."

Basi, hayo tu. Miaka kumi na moja ulizunguka delta ukiandika mbegu za mpunga za wazee: ipi inavumilia maji ya chumvi, ipi inasimama mafuriko yakija, nani bado anayo. Yote umeyatia kwenye kijiti kisichofika urefu wa kidole changu. Nakala ya pili iko wapi? Hakuna. Wewe, bwana shamba mzima, uliyewafokea wakulima wagawe mbegu, nyingine waitundike darini juu ya moshi wa jiko, nyingine wampe jirani atunze! Na Bi Tatu wa Chumbi, aliyekupa majina karibu nusu, siku hizi hakumbuki hata aliyokwambia. Kwa hiyo kilichomo mle ndicho kilichobaki.

Nikanunua kompyuta mpya. Kosa langu ni moja, nalikiri: nilimwachia fundi wa pale stendi aniwekee programu za lazima. "Mzee wangu, nakuwekea kila kitu, hutahangaika tena." Kwenye kila kitu alisema kweli. Aliniwekea ya kuchanganya muziki wa harusi, ya kukata video, ya picha za pasipoti, mchezo wa magari, programu ya kuandikia iliyovunjwa kufuli, na walinzi watatu wa virusi. Watatu! Nikiiwasha, naenda kutawadha, narudi, bado inafikiri.

Ngoja nikueleze kuhusu hao walinzi, najua utasema naanza somo. Mlinzi wa virusi kazi yake ni kukagua kila kinachoingia. Ukiweka mmoja, analinda. Ukiweka watatu, kila mmoja anamwona mwenzake mwizi, na nyumba nzima hailali. Nilipochomeka flashi yako, mmoja wao alilirukia faili lako na kuandika kwa maandishi mekundu: "Kitisho kimeondolewa."

Kitisho! Mpunga wa Bi Tatu!

Kisha nikafanya nililowahimiza watoto maisha yangu yote ya ualimu: nikasoma maelekezo. Kumbe mlinzi haui, anaweka mahabusu kwanza. Nikalitafuta faili lako huko mahabusu, nikalitoa, likarudi kwenye flashi. Nikalibofya. Sasa ile programu ya kuandikia ikagoma: muda wake umekwisha, haifungui kitu. Nikampigia fundi. "Hiyo ndogo, mzee, ilete niivunje tena." Nikamwambia kitu cha kuvunja kila mwezi si changu, ni cha mwenyewe. Akacheka. Watu wote wanacheka siku hizi, Shabani, ila mimi.

Hapo ndipo nilipokukumbuka kwa uzuri, kwa mara ya kwanza tangu nianze kukulaani.

Unakumbuka mwaka wangu wa kwanza, nimeteremka kutoka milima ya Umatumbi kuja kwenu Wandengereko, mwalimu kijana na viatu vyake? Mpunga ulikuwa unazaa, watu wanahamia madunguni kuulinda na ndege na nguruwe. Ukanialika dungu lenu. Dungu unalijua kuliko mimi: kibanda juu ya nguzo ndefu, maji yanapita chini, watu wanaishi juu mpaka mavuno. Mimi nikaja na sanduku la vitabu, pasi ya mkaa na kiti. Ngazi ikakatika, kiti kikaenda na maji. Ukacheka mpaka ukakaa chini. "Mmatumbi anahama na mlima wake!" Halafu ukanifundisha: kitu kinachopanda dunguni ni kile ambacho bila hicho leo hulali au huli. Vingine vinabaki kijijini, vitakusubiri.

Basi nikaifuta kompyuta yote, ikabaki kama ilivyotoka kiwandani. Nikajiuliza kwa kila programu: bila hii, daftari la Shabani litakwama? Zikapanda tano tu. Ya kuandikia, ile ya bure na ya halali, inayokubali hata mafaili ya kizee kama lako. Ya kuingilia intaneti. Ya kusomea nyaraka. Mlinzi mmoja, yule aliyekuja na mashine. Na ya kunakili kazi kila siku bila kuniuliza, maana sisi wawili tumeshaonekana hatuaminiki. Mchezo wa magari umebaki kijijini.

Faili likafunguka. Lote. Majina, vijiji, watu. Nililia, sikufichi.

Na hapo napo hukuniacha nilie kwa amani. Nimefika ukurasa wa mwisho, nimekuta mbegu ambayo Bi Tatu hakukupa. Umeandika: "Mmatumbi. Asili: milimani. Huchelewa kuota. Maneno mengi, punje chache. Maji haiyawezi. Ikishika mizizi haing'oki. Nani bado anayo: mimi, Mbwera."

Shabani. Siku ya mazishi yako watani wenzangu walinisukuma: "Sema, bwana, huyu ni wako!" Ilikuwa haki yangu kukutukana pale, kukuambia umekufa kwa uvivu wa kupalilia, watu wacheke na wanao wapumue. Nikashindwa. Nilisimama na kibao cha kuzikia mkononi, nikalia kama ndugu. Watu wa Mbwera walinishangaa, na nadhani hata wewe ulinishangaa. Kumbe utani wako ulikuwa umeshautanguliza, unanisubiri kwenye kijiti.

Haya, jibu lako hili hapa. Nimeliandika chini ya lile la kwako, na sitalifuta hata Mwanahawa akisema si la heshima: "Mndengereko. Inastawi majini. Haisikii la mtu. Haina nakala. Nani bado anayo: mimi, Kibiti."

Juma lijalo naenda Chumbi kumsomea Bi Tatu jina kwa jina, akumbuke atakachokumbuka, nisahihishe. Kisha daftari litachapwa: moja kwa Mwanahawa, moja kwa Bi Tatu, moja nitalitundika jikoni kwangu juu ya moshi, kama ulivyokuwa ukihubiri. Nakuahidi halitakaa mahali pamoja tena.

Mungu akupanulie kaburi, mtani. Akupe dungu la juu, lisilo na ngazi mbovu. Nikija, nitakuja mikono mitupu. Nimeshajifunza.

Mimi, Mmatumbi wako.