Vijiti Nilivyoviosha kwa Maji ya Moto

Chumba Na. 3,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumamosi, tarehe 8 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Uliniandikia kwamba ukipanda ngazi linalia kama bawaba kavu. Nikacheka, kisha nikaona haya, maana langu nalo limeanza. Shemeji ameacha kukoroma, au bado unamhamishia sebuleni? Mimi mwili ni mzima, ila kichwa ndicho sikielewi.

Unajua nafanya usafi kwenye maabara ya vyuma. Wana bomba refu la hewa iliyoshindiliwa. Linarusha kipande cha chuma kwa kasi ya risasi, kigonge kijiti kidogo, waone kimepindaje. Vijiti vyenyewe ni vya chuma chenye kumbukumbu. Ndivyo wanavyokiita, usicheke. Ukikipinda kisha ukakipasha moto, kinarudi kilivyokuwa. Miaka sita nafagia pale, hakuna aliyeniambia.

Anayevigonga ni binti mmoja mwanafunzi. Tunamwita Miwani, kwa sababu huitafuta miwani yake nayo iko kichwani. Mimi alikuwa akiniita Shangazi, na mchana tulikuwa tukila sahani moja. Wiki mbili zilizopita aligonga vijiti kumi na viwili, akavipanga kwenye trei kuanzia kilichogongwa polepole hadi kilichogongwa kwa kasi kuliko vyote, akaenda nyumbani. Asubuhi nikavikuta vimejaa grisi na masizi. Mimi na uchafu, Dada, unatujua. Nikavimiminia maji ya birika na sabuni.

Vikaanza kujinyoosha. Mbele ya macho yangu, kimoja kimoja, kama watu wanaoamka. Saba vikanyooka kabisa. Vitano vya mwisho vikasogea kidogo, vikakwama. Nikapigwa na butwaa. Nikavifuta, nikavirudisha kwa mpangilio ule ule, nikafyata ulimi.

Kumbe Miwani alikuwa hajavipima. Mkuu wa maabara alipoona saba vimenyooka, akasema hivyo havikugongwa kabisa, na tarakimu zilizo daftarini binti amezitunga. Pale ukitunga tarakimu unafukuzwa. Alilia siku mbili, na mimi ndiye niliyempa kitambaa cha kufutia machozi. Huo ni utu gani? Niliogopa kibarua changu kisije kikaota nyasi, basi.

Siku ya tatu nikabisha hodi kwa Mkuu, nikasema yote. Hakunifokea. Aliuliza, "Vilivyokwama vilikuwa upande gani wa trei?"

Nikamwambia kulia, vitano vya mwisho.

"Una hakika?"

"Mzee, mimi trei naifuta kuanzia kushoto. Siku zote."

Akakaa chini. Akanieleza kwamba chuma hicho kikigongwa kwa kasi ya wastani, hupinda kwa namna yake chenyewe, na moto unakirudisha. Kikigongwa kwa kasi mno hakipati nafasi hiyo. Kinaumia kwa ndani, na moto haurudishi yote. Ndicho walichokuwa wanakitafuta. Nimeelewa nusu. Vyote vilipinda, vyote viliiva kwenye maji yale yale, sasa kwa nini hiki kisahau na kile kikumbuke? Saa ile ile nikapewa barua ya onyo kwa mkono mmoja na shukrani kwa mkono wa pili. Sijui nicheke au nilie.

Miwani jina lake limesafishwa na masomo yanaendelea. Lakini haniiti tena Shangazi. Ananiita Mama wa Usafi, kwa adabu kabisa, na mchana anakula peke yake. Adabu hiyo ndiyo inayoniumiza. Nilinyamaza siku mbili tu. Siku mbili ni kasi ya wastani, au ni kasi mno? Sina wa kumuuliza.

Nisalimie Shemeji, mapacha na Mama, ila habari ya onyo Mama asiisikie. Mungu awalinde nyote, na hilo goti alinyooshe Yeye mwenyewe, maji ya moto mimi nimeyaogopa.

Kila asubuhi namwekea Miwani kikombe cha chai ya moto mezani pake. Juzi hakukigusa. Jana alikunywa nusu. Sijui yeye ni wa vile saba, Dada, au ni wa vile vitano.

Mdogo wako akupendaye, hata akiwa haelewi kitu,
Kitindamimba